Sheikh Ali Alipewa Sentensi Moja

Shule ya msingi tulifundishwa Krapf na Rebmann kana kwamba ni mtu mmoja. Krapf-na-Rebmann. Nani Mzungu wa kwanza kuona Mlima Kenya? Krapf, 1849. Kilimanjaro je? Rebmann, 1848. Ukiwachanganya unapigwa mkasi mwekundu na maisha yanaendelea. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Krapf aliandika kitabu. Hakuna aliyetuambia kwamba alikuwa na mke.

Kitabu kipo. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858, kikatoka kwa Kiingereza huko London mwaka wa 1860, na kwa vile hakimiliki yake ilishakufa kitambo, unaweza kukipakua bure. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza kwenye simu iliyopasuka kioo, kurasa nyingi nikiwa ndani ya matatu, jamu ya Thika Road ikinisaidia. Kina jina refu ajabu, mambo ya safari na utafiti na kazi ya umisionari kwa miaka kumi na minane Afrika Mashariki. Na enyewe, kwa sehemu kubwa kinachosha. Watu wanatembea, wapagazi wanagoma, chifu anataka zawadi, mto umefurika, watu wanatembea tena. Lakini kuna kurasa chache, chache sana, zinazohusu wiki za kwanza za Krapf pale Mombasa mwaka wa 1844. Hizo nimezisoma mara sita au saba. Naziona ndizo bora kuliko zote kitabuni, na ndizo zilizonikasirisha zaidi.

Wacha nimweke huyu mtu mahali pake kwanza. Johann Ludwig Krapf alihamia Mombasa Mei 1844, akiwa na umri wa miaka 34. Kwa Katiba yetu hapo bado ni kijana, kwa sababu ujana unaisha ukigonga 35. Alizaliwa kijijini karibu na Tübingen, Ujerumani ya kusini, mwana wa mkulima. Anasimulia kwamba akiwa mvulana mdogo jirani alimpiga vibaya kwa kosa lisilo lake, akaugua miezi sita, na humo ndimo alimozoea kusoma Biblia. Baadaye akaingia chuo cha wamisionari cha Basel, akasoma maandishi ya mafumbo ya kiroho yakamvuruga, akaacha chuo. Hapo nilitabasamu peke yangu kwenye matatu. Mimi pia niliacha chuo, tofauti ni kwamba mimi nilivurugwa na karo. Na yeye alirudi kusoma theolojia Tübingen akamaliza, kwa hivyo tusijilinganishe sana.

Hakuwa mgeni wa bara hili. Alikuwa ametumwa Ethiopia na shirika la Kianglikana la CMS, akakaa Shoa, mambo yakaharibika, akafungiwa njia ya kurudi. Alioa Misri mwaka wa 1842. Mkewe aliitwa Rosine. Walipojaribu kuingia tena Ethiopia kupitia Massawa, Rosine alijifungua njiani kabla ya wakati, mtoto wa kike ambaye hakuishi. Wakampa jina la Eneba. Kwa Kiamhari maana yake ni chozi.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya shule viliruka. Krapf hakuja Mombasa kwa sababu ya Mombasa. Alitaka Waoromo, ambao enzi hizo aliwaita Wagala. Alikuwa amejiaminisha kwamba wakiongoka wao bara zima litafuata, na kwamba wao ndio watakaokuwa Wajerumani wa Afrika. Soma hiyo tena polepole. Njia ya kaskazini ikazibwa, akaamua kuzunguka aingilie kusini. Pwani ya Waswahili ilikuwa mlango wa nyuma. Kiswahili, lugha ambayo jina lake limeshikamana nayo hadi leo, alianza kujifunza akiwa kwenye foleni ya kwenda kwingine.

Januari 1844 walifika Unguja. Seyyid Said, sultani, akamwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani: huyu ni mtu mwema, anataka kuwaongoa watu kwa Mungu, msaidieni. Nimejaribu kufikiria ofisi yoyote ya siku hizi inayoweza kutoa barua kama hiyo kwa mtu ambaye kazi yake waziwazi ni kuwatoa raia wako kwenye dini yako. Seyyid Said alikuwa mfanyabiashara, alikuwa na mabalozi wa Uingereza na Marekani wa kufurahisha, sikatai. Lakini barua aliitoa, na Krapf aliitumia. Halafu kitabu chote kinaendelea kuwaongelea Waislamu wa pwani kama kizuizi barabarani.

Sasa tufike kwenye kurasa zenyewe.

Juni 1844, wiki chache tu baada ya kupata nyumba Mombasa, Krapf anaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Anasema siku ile aliihesabu daima kuwa mojawapo ya siku kubwa za maisha yake. Na hakufanya peke yake. Alisaidiwa na Sheikh Ali, mtu wa asili ya Barawa, ambaye alikuwa kadhi wa Mombasa.

Basi. Hiyo ndiyo sentensi. Sentensi moja, na ndani yake sheikh amebanwa kama abiria wa mwisho kwenye kiti cha watu watatu. Inayofuata tayari inageukia msiba.

Hebu fikiria hicho chumba kwanza, kwa sababu Krapf hakutaka tukione. Ni Mombasa ya 1844, miaka saba tu tangu Wamazrui waondolewe na mji uangukie mikononi mwa Busaidi. Muyaka bin Haji amefariki miaka michache iliyopita na mashairi yake bado yako midomoni. Watu wanaandika barua, mikataba na tenzi kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na wameandika hivyo kwa vizazi. Hakimu wa mji, mtu anayeamua talaka na mirathi, anaketi na Mjerumani ambaye hajamaliza hata miezi sita pwani, wanaanza: hapo mwanzo. Nadhani walikuwa wakivuka daraja la Kiarabu, kwa sababu Krapf alikijua na kadhi lazima alikijua. Mjerumani anasema jambo kwa Kiarabu, sheikh anatafuta namna Mvita wanavyolisema, Mjerumani anaandika kwa herufi zake.

Na sheikh anaijua hadithi! Hilo ndilo linalonifurahisha hadi leo. Uumbaji, bustani, tunda, kufukuzwa, ndugu anayemuua ndugu. Hakuwa anasomewa mambo mageni. Alikuwa anasikia hadithi ya nyumbani ikisimuliwa na mtu wa nje, ikiwa imekatwa huku na kuongezwa kule. Je, alimsahihisha? Walibishana? Alicheka pale Mungu anapopumzika siku ya saba, ambalo kwa Mwislamu ni jambo la kukunja uso, kwa sababu Mungu hachoki? Kadhi ana kazi, ana mashauri, ana sifa ya kulinda mjini. Kwa nini alikubali? Alilipwa? Alikuwa na udadisi tu? Alidhani anamfundisha mgeni lugha na kumbe mgeni anadhani anampa yeye wokovu?

Krapf hakuuliza hata moja kati ya hayo, au aliuliza na akaona si la kuandikwa. Mwandishi anayeweza kutueleza kwa kurasa kadhaa jinsi wapagazi walivyogombana njiani alishindwa kumpa mwalimu wake aya moja. Hilo kwangu ni kosa la kifasihi kabla halijawa la kisiasa. Alikuwa na tukio bora kuliko yote kitabuni na akalipita.

Baada ya hapo, Julai. Homa inaingia nyumbani. Krapf anaugua, Rosine anaugua akiwa mja mzito, karibu kabisa. Mtoto anazaliwa, msichana tena. Rosine anafariki tarehe 13. Siku chache baadaye mtoto naye anakwenda.

Kurasa hizi zimeandikwa vizuri, na ninasema hivyo nikijua kwamba ninamkosoa. Krapf, ambaye kwingineko hawezi kuona mlima bila kuhubiri, hapa amenyamaza karibu kabisa. Yeye mwenyewe yuko kitandani, homa inampanda na kushuka, na inabidi ajikokote ainuke ili ahakikishe kwamba mkewe amekufa kweli. Hapambi. Hana nguvu za kupamba. Unamwona mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa na mpango wa bara zima, na sasa mpango ni kutoka kwenye kitanda hiki hadi kile. Ukiwahi kuuguza mtu huku na wewe unaumwa unajua jinsi chumba kinavyokuwa kirefu.

Rosine alikuwa ameomba jambo moja kuhusu kaburi lake. Hakutaka kuzikwa kisiwani. Alitaka ng'ambo, bara, karibu na njia wanayopita Wanyika, kama walivyowaita Mijikenda wakati huo, ili wapitao wakiliona wakumbuke ni nini kilichowaleta wamisionari pale. Mumewe akatimiza. Kaburi liko upande wa Nyali, ng'ambo ya mji wa kale.

Nimefikiria sana ombi hilo. Kuna namna ya kulisoma ambayo ni rahisi: hata kifo chake kilikuwa tangazo. Lakini mimi naona lina kitu kingine. Ni mwanamke aliyezunguka jangwa na bahari na mumewe kwa mwaka na zaidi, ambaye mtoto wake wa kwanza alibaki karibu na Massawa, na kitabu hakijampa nafasi ya kusema sana. Hapo mwishoni anachagua mahali. Ndilo jambo pekee kwenye kurasa hizo ambalo ni uamuzi wake mwenyewe, na anaamua kulala penye njia ya watu.

Halafu Krapf anaichukua kalamu na kuandikia kamati London. Anawaambia wawajulishe marafiki wa misheni kwamba sasa kuna kaburi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa vita vimeanza, na kwamba ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Barua hiyo ndiyo iliyopata umaarufu. Ndiyo inayonukuliwa kwenye historia za makanisa mpaka leo. Kurasa za homa, ambazo ni za kweli, hakuna anayezitaja.

Hapa inabidi niseme ninakotoka, ama nitakuwa nadanganya.

Kwa karibu miaka miwili nililipa keja kwa kuandika zile zinazoitwa hadithi za mafanikio. Kuna shirika moja, sitalitaja, lilikuwa linanituma kwa watu waliosaidiwa, ninawahoji, ninaandika maneno mia nane, yanaenda kwenye ripoti ya wafadhili. Safari moja nilikutana na mama aliyefiwa na mtoto. Alinieleza kwa muda mrefu. Alikuwa anaeleza huku anachambua maharagwe, na kila mara akifika pale pagumu mkono unasimama, halafu unaendelea. Nikaandika hivyo hivyo, na maharagwe yakiwemo. Nilituma. Ikarudi na ujumbe mfupi: nzuri sana, tafadhali ongeza mwishoni sentensi ya matumaini, mfadhili asome ajue pesa zinaenda wapi. Nikaongeza. Nilichukua kama dakika nne. Nikaandika kwamba kwa mama huyu, kumpoteza mtoto kulikuwa mwanzo wa safari ya kuwasaidia akina mama wengine. Hakusema hivyo. Hakusema lolote linalokaribia hivyo.

Kwa hivyo nilipofika kwenye barua ya Krapf niliitambua ile sentensi. Niliijua kama unavyomjua mtu kwa mwendo. Huo ndio utanzu wenyewe: mmisionari wa wiki za kwanza hamwandikii msomaji, anaiandikia kamati. Kamati inataka kujua pesa zimeenda wapi. Na jibu la Krapf mwaka wa 1844, huku bado ana homa, ni kwamba zimeenda kwenye kaburi, na kaburi ni maendeleo.

Rafiki yangu mmoja, ambaye baba yake ni mchungaji, aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia nimemwonea. Kwamba Krapf aliamini kweli, na kwamba mtu anayeamini ufufuo haandiki sentensi ya matumaini kwa sababu ya mfadhili, anaiandika kwa sababu bila hiyo hawezi kuamka asubuhi. Ni hoja nzito na sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye kurasa za homa imani ipo pia, na haihitaji kushinda vita yoyote. Ipo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Kwenye barua imevaa sare. Ni mtu yule yule, kifo kile kile, na maandishi mawili tofauti, na moja ni bora kuliko jingine. Kazi ya mhakiki ni kusema lipi.

Tena kumbuka kitabu kiliandikwa baadaye. Krapf aliondoka pwani miaka ya 1850, afya imeharibika. Kituo cha Rabai, alichofungua na Rebmann mwaka wa 1846, kilikuwa na waumini wachache wa kuhesabu kwa vidole. Waoromo hakuwahi kuwafikia alivyotaka. Angeweza, akiwa Ujerumani na kalamu mkononi, kurudi kwenye ile nyumba ya Mombasa na kuuliza upya. Akamrudisha Rosine kuwa shujaa na Sheikh Ali kuwa msaidizi.

Na wala si kwamba alidharau lugha. Hapana, hapo nitamtetea. Mwaka wa 1850 alitoa sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia, na hadi leo ukitaka Kimvita cha zamani unaenda kugonga mlango huo. Yeye ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya Utenzi wa Tambuka, ambao ni wa karne ya kumi na nane. Alijua vizuri kabisa kwamba lugha hii ilikuwa na maandishi na washairi. Hata hivyo alishikilia iandikwe kwa herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba hati za Kiarabu zingeuachia Uislamu mlango wazi. Herufi hizo ndizo ninazotumia sasa hivi. Zile za Sheikh Ali siwezi kuzisoma. Sijui kwenu, lakini mimi nikiwekewa mbele yangu barua ya Mombasa ya 1844 kwa Kiswahili safi, mimi ndiye nitakayeonekana sijaenda shule.

Sura tatu za kwanza za ile tafsiri zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847, kwenye jarida la wataalamu wa mambo ya mashariki. Jina la mtafsiri kwenye kichwa ni moja, na unalijua. Lakini kuna mahali kadhi alibaki, yeye na mji wake. Chukua Biblia ya Kiswahili ya Kiprotestanti, ile ya nyanya yako yenye zipu, ufungue Mwanzo. Mke wa Adamu anaitwa Hawa. Si Eva, ni Hawa, kama anavyoitwa madrasani. Yule wa safina ni Nuhu. Baba wa imani ni Ibrahimu, mwanawe wa kwanza ni Ishmaeli ambaye amekaribia kuponyoka, na aliyeuzwa na ndugu zake ni Yusufu. Dhambi, roho, malaika, nabii, shetani, yote yameingia kwa mlango ule ule ambao Krapf alitaka ufungwe. Sisemi Sheikh Ali ndiye aliyeyachagua. Yalikuwa hapo tayari, ndiyo maneno watu waliyokuwa nayo. Ila mtu wa kwanza kukaa mezani na kuyatoa, moja baada ya jingine, kwa ajili ya Biblia, alikuwa hakimu Mwislamu wa Barawa, na kila Jumapili kanisa zima linayasema.

Nilitaka kumaliza hapo, kisha nikakumbuka kwamba niliahidi kutodanganya. Wiki iliyopita nilitafuta kwenye kompyuta ile hadithi ya mama wa maharagwe, nikifikiri ningeweza kuirudisha ilivyokuwa na kuichapisha mahali, bila jina lake, bila ile sentensi. Nilipata ya pili tu, ile iliyolipwa. Ya kwanza niliandika juu yake.